Jumapili ndiyo siku yetu nzito

Watu wakimwona mke wangu kanisani siku ya Jumapili, amevaa kitenge chake na kilemba kimefungwa vizuri, huniambia tukitoka nje, "Fundi, naona mama amepata nafuu, leo kaja ibadani." Huwa naitikia kwamba tunamshukuru Mungu, na ni kweli tunamshukuru. Lakini katika siku saba za wiki, Jumapili ndiyo anayoumwa kuliko zote. Miguu imevimba hata viatu haviingii, kwa hiyo chini ya kile kitenge kuna kandambili. Pumzi ni fupi. Wimbo wa beti tano anaimba mbili, zilizobaki anazifuata kwa macho kitabuni.

Ni hesabu ya mashine tu. Figo zake zote mbili zimeshindwa kazi. Damu yake husafishwa kwa mashine katika hospitali ya rufaa mjini Moshi, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne. Maji ambayo mimi na wewe tunayatoa chooni bila kuyafikiria, kwake hayana pa kutokea. Yanakaa mwilini yanasubiri mashine, pamoja na taka zote ambazo figo zingeziondoa. Kati ya Jumatatu na Jumatano kuna pengo la siku moja. Kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna siku mbili, na ya pili yake ndiyo Siku ya Bwana. Manesi wa kitengo cha figo wanalijua pengo hilo vizuri. Jumatatu alfajiri huwa wanawahesabu wagonjwa mlangoni kwa wasiwasi.

Naeleza haya mapema ili asije mtu akasoma akitegemea ushuhuda wa uponyaji. Hajapona. Ninachotaka kusimulia ni namna imani inavyotuvusha pengo hilo, wiki baada ya wiki, na kwamba haituvushi kwa njia niliyofundishwa kuitarajia.

Tunakaa Machame, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba yangu, kati ya migomba na mibuni. Mimi ni seremala. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi huku mlimani mwaka 1893, kwa hiyo kwetu Ukristo si jambo la kuamua ukubwani. Ukizaliwa unaukuta nyumbani. Nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara, nikafunga ndoa madhabahuni, na baada ya hapo nikahamia benchi la nyuma karibu na mlango. Mengi ya mabenchi hayo niliyapiga randa mwenyewe, najua hata lipi lina msumari uliochomoza. Mwenye imani ya kusema na kuimba ni mke wangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na Jumapili alikuwa anafundisha watoto kanisani pia.

Ilianza na kichwa. Mwalimu akiumwa kichwa nani atashangaa? Vumbi la chaki, kelele za watoto, madaftari ya kusahihisha usiku kwa taa. Akawa mtu wa panado. Kisha uso ukawa unavimba asubuhi na kunywea mchana, harufu ya nyama ikawa inamkera, na usiku akaanza kujikuna mwili mzima. Daktari alipompima alikuta presha iko juu mno, na picha ya ultrasaundi ikaonyesha figo zimesinyaa. Presha imezila taratibu kwa miaka, alituambia, na haiumi mpaka imeshamaliza kazi yake. (Kama unasoma hapa na hujapima presha mwaka huu, nenda kapime kwanza. Simulizi itakusubiri.)

Mwanzoni walimwekea mpira shingoni. Baadaye daktari wa upasuaji akamuunganishia mishipa miwili ya mkono wa kushoto, ateri na vena, wenyewe wanaita fistula, ili mshipa unenepe na uweze kuhimili sindano mbili nene kila safari: moja ya kutoa damu kwenda kwenye chujio, nyingine ya kuirudisha. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haubebi ndoo. Ukiweka vidole juu yake unahisi mtetemo chini ya ngozi, kama paka anayekoroma kwa raha. Tuliambiwa tuukague kila siku. Ukinyamaza, maana yake damu imeganda ndani, mwende hospitali usiku huo huo.

Basi kila siku kabla ya kulala naushika mkono wa mke wangu, nasikiliza kwa vidole, ndipo tunasali. Miaka yote ya ndoa yetu sala ya usiku ilikuwa kazi yake, mimi naitikia Amina nikiwa nimeshaanza kusinzia. Siku hizi siwezi kuuachia ule mkono kabla sijasema neno la shukrani kwamba bado unatetemeka, na nikishasema hilo moja mengine yanakuja yenyewe.

Sasa jaribu kumwambia Mchaga asile ndizi. Mtaalamu wa lishe alitueleza kwamba ndizi, parachichi, maharage na viazi vina potasiamu nyingi, na kwa mtu ambaye figo zake haziwezi kuitoa, ikizidi inaweza kusimamisha moyo ghafla. Yaani mtori, machalari, kiburu, vyakula vyote tulivyokuzwa navyo vikawa ni vya kuviangalia kwa jicho la shaka. Njia iliyopo ni kumenya, kukatakata vipande vidogo, kuloweka, kuchemsha kwa maji mengi, kuyamwaga yale maji, halafu kuchemsha upya. Na hata hivyo ale kidogo tu. Nimejifunza jiko nikiwa na mvi. Jirani mmoja alinikuta nyuma ya nyumba namwaga maji ya ndizi, akauliza kwa sauti ya chini kama nimegombana na mama. Ndizi iliyochemshwa mara mbili haina ladha wala adabu. Mke wangu huila bila kulalamika, akimaliza anasema, "Fundi, randa unaiweza zaidi."

Maji nayo ni kwa kipimo: nusu lita na kidogo kwa siku nzima, na humo humo kuna chai, uji, mchuzi na maji ya kumezea dawa. Kiu ikizidi ananyonya kipande cha barafu, anakigeuzageuza mdomoni mpaka kiishe. Mara ya kwanza mchungaji alipotuletea Chakula cha Bwana nyumbani, alishika kikombe akasita, akauliza kama divai inahesabiwa. "Mchungaji, wewe nipe," mke wangu akamwambia, "nitapunguza kwenye chai." Tulicheka wote watatu, kikombe kikiwa bado mkononi mwake.

Lazima niseme na la wale wenye maji na mafuta ya upako. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alipiga simu siku moja akiwa na furaha kweli kweli. Kuna mtumishi anafanya mkutano wa injili, watu wanatupa magongo, dada apelekwe. Sharti lilikuwa moja: kwanza aache mashine, kwa sababu ukienda kwa Mungu huku umeshika mashine, hujaamini. Jambo hilo likafika hadi kwenye kikao cha ukoo. Wazee wakaongea, shangazi wakalia, kila mtu akamtazama mgonjwa. Mke wangu akauliza swali: "Kaka, wale wenye ukoma Yesu aliwaambia waende wapi?" Kaka akajibu, kwa makuhani, wakajionyeshe. "Basi na mimi Jumatatu naenda kujionyesha kwa nesi. Nikifika nimepona, yeye mwenyewe atazima mashine." Kikao kikaishia hapo, chakula kikaletwa.

Sina ugomvi na maombi ya uponyaji. Nyumbani kwetu tunaomba kila siku apone. Ugomvi wangu ni na mtu anayegeuza dawa ya mwenzake kuwa mtihani wa imani, ilhali yeye jino likimuuma anakimbilia kwa daktari. Tangu kikao kile nimesoma nyaraka za Paulo kuliko nilivyowahi kuzisoma maishani. Huyu ndiye mtu ambaye Matendo ya Mitume sura ya 19 inasema hata leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Lakini mwiba wake mwenyewe aliuombea mara tatu na haukuondolewa. Timotheo, ambaye tumbo lilikuwa linamsumbua, alishauriwa atumie mvinyo kidogo. Na mwishoni kabisa mwa waraka wa pili kwa Timotheo kuna mstari ambao sijawahi kuusikia ukihubiriwa: Trofimo alimwacha Mileto, hawezi. Alimwacha mgonjwa, akaendelea na safari, na hakuongeza hata neno moja kwamba imani ya Trofimo ilikuwa pungufu. Nampenda sana Trofimo. Kila nikimwombea mke wangu namkumbuka na yeye.

Chumba cha mashine kina baridi, au tuseme wagonjwa ndio wanaosikia baridi, kwa kuwa damu hurudi mwilini ikiwa imepoa kidogo. Kila mmoja anakuja na blanketi lake. Mashine zinapiga kelele mara hii hapa, mara ile kule, manesi wanakimbia, mtu mmoja anakazwa na misuli ya mguu hadi anapiga ukelele. Ukikaa mle muda mrefu unamjua kila mtu kwa kiti chake. Mama mmoja wa Kiislamu huvuta tasbihi kwa mkono usio na sindano. Yeye na mke wangu wamekubaliana kuombeana, kila mmoja kwa njia yake, na wakikosana ni kuhusu feni tu.

Kiti cha dirishani kilikuwa cha mzee mmoja mfugaji kutoka tambarare. Mke wangu analipiwa na bima ya kazini kwake. Mzee hakuwa na bima. Alitakiwa aje mara tatu kwa wiki kama wenzake, akawa anakuja mara moja, kisha mara moja kwa wiki mbili, kwa kadiri mbuzi walivyokuwa wanauzika. Alikuwa anafika amevimba, hawezi kusema sentensi nzima, anatoka saa nne baadaye akitembea na kutania watu. Miwani yake ilivunjika, kwa hiyo alikuwa akimwomba mke wangu, "Mwalimu, nisomee Zaburi," naye anamsomea kwa sauti, wakiwa wote wamefungwa kwenye mashine. Jumatano moja tulikuta kiti kile kina mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza, na nesi alijishughulisha sana na karatasi zake.

Ndani ya haisi tukirudi, mke wangu hakusema lolote hadi tunateremka. Usiku nilipoushika mkono wake aliniambia, "Leo omba wewe. Mimi sina la kumwambia." Nikasali Baba Yetu, nikaishia hapo.

Jumamosi iliyofuata, jumuiya, yaani kikundi chetu cha sala, ilikuwa kwetu, na zamu ya kutoa ushuhuda ilikuwa yake. Waliosali jumuiya wanajua ushuhuda unavyokwenda. Mtu anasimama, anasema "Mungu ni mwema," wote wanaitikia "Kila wakati," anaeleza tatizo, anaeleza jinsi lilivyokwisha. Mke wangu aliketi, kwa sababu kusimama kulikuwa kunamchosha, akafungua Zaburi ya 88, akaisoma. Zaburi nyingi za maombolezo zinalia halafu zinageuka. Mwishoni kuna sifa, au ahadi, au angalau taa kwa mbali. Hii ya 88 inaanza kwa kumwita Bwana Mungu wa wokovu, kisha inashuka moja kwa moja: shimo, kaburi, marafiki waliojitenga, na neno lake la mwisho ni "gizani". Alifika kwenye neno hilo, akafunga Biblia.

Kimya. Huko nje kuku anakwaruza majani makavu. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa na wimbo wa kuitikia ushuhuda, akaufunika kwa kiganja. Ndipo bibi mmoja ambaye amezika watoto zaidi ya mmoja akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa, "Hiyo nayo imo humo ndani? Mbona msibani kwangu hamkunisomea?" Akaomba isomwe tena. Ikasomwa tena na kijana wa kipaimara, mke wangu akapumzika. Baada ya hapo watu walianza kusema mambo ambayo tumeabudu pamoja miaka yote bila kuyasikia: mtoto wa nani yuko rumande, shamba la nani limewekwa rehani, nani hajalala na mumewe chumba kimoja tangu mwaka juzi. Chai ikapoa kwenye birika. Wala hakuna aliyetoa ushauri, jambo ambalo kwa watu wa Machame ni karibu muujiza.

Jumuiya zetu ni za majirani, watu ambao migomba yao inapakana. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Moshi ya Kale mwanzoni mwa karne iliyopita, alishikilia kwamba kanisa la huku lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Wasomi wana maneno yao juu yake, na huenda wana haki. Mimi najua tu kwamba baada ya Jumamosi ile hawakuhitaji kuelezwa Jumapili kwetu inakuwaje, kwa sababu kutoka kwao wanaona taa yetu inavyowaka usiku kucha. Walipanga zamu wao wenyewe. Jumapili baada ya chakula cha mchana anakuja mtu kukaa na mgonjwa, nami nalala saa mbili, tatu. Jirani mwenye pikapu ya kubebea majani ya ng'ombe akasema Jumapili hatakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, hata tone, na funguo zitaning'inia mlangoni.

Tulizihitaji wakati wa masika. Mke wangu alishindwa kulala chali. Kila akijilaza anahisi anazama, na kifua kinatoa sauti ya maji yanayochemka. Tukampakia mbele, katikati yetu, ameinamia dashibodi. Mvua inapiga kioo hata barabara haionekani. Nikaanza Baba Yetu kwa sauti, nikafika "mapenzi yako" nikakwama. Sikuweza kulitamka linalofuata, maana niliona kama natia saini. Alilitamka yeye, kwa vipande, pumzi moja kila silabi mbili. Nikasema Amina bila kukubaliana naye.

Nilikuwa nadhani amani ya Mungu ni hofu kuondoka. Usiku ule hofu haikwenda popote. Ila kabla hatujafika lami mikono yangu iliacha kutetemeka, nikaweza kumshika mgongo akae wima, nikamwelekeza dereva apite upande upi maji hayajajaa, na pale mapokezi nikamtajia nesi uzito wake mkavu, yaani kilo zake maji ya ziada yakishatolewa, na aina za dawa zake bila kukosea moja. Waliiwasha mashine usiku huo huo. Kulipokucha alikuwa anauliza nani amewapa watoto uji. Nimejaribu kueleza kile kilichotokea ndani ya pikapu, na kila nikieleza kinakuwa kidogo kuliko kilivyokuwa. Sikupewa ahadi yoyote kwamba atapona. Niliweza tu kufanya la kufuata, na baada yake la kufuata.

Baada ya usiku ule nilimwomba daktari, kama inawezekana, Ijumaa waondoe maji zaidi ili abaki na nafasi ya kuvuka Jumapili. Alinieleza kwa upole kwamba mwili hauna akiba ya namna hiyo. Ukiondoa mengi mno kwa mkupuo presha inaporomoka, mgonjwa anazimia. Nikarudi nyumbani nikasoma Kutoka sura ya 16, habari ya mana. Kila mtu aliokota ya kumtosha siku hiyo, na waliojaribu kuilaza hadi asubuhi waliikuta ina mabuu inanuka. Hilo nililielewa mara moja, ndivyo damu ya mke wangu ilivyo. Lakini siku ya sita wenzetu wale waliokota maradufu, na ya Sabato haikuoza. Hapo nikapata kinyongo cha kweli. Siku yetu ya sita ni Ijumaa, na sisi hatupewi maradufu.

Nilimwambia mchungaji hivyo hivyo, bila kupamba. Hakunijibu kwa aya. Aliuliza Jumapili mchana anakaa nani na mama. Nikamtajia majina. Akauliza Jumamosi je. Nikataja mengine. Na usiku, ikitokea dharura? Nikamtajia mwenye pikapu. Akaitikia kwa kichwa, akaomba aongezewe chai.

Habari ya kupandikiza figo tunaulizwa sana. Muhimbili walianza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma mwaka uliofuata, kwa hiyo si lazima tena mtu aende India. Anayehitajika ni ndugu wa kutoa figo. Kundi langu la damu halioani na la mke wangu. Mdogo wake wa kike alijitolea bila kuombwa, vipimo vikaonyesha na yeye ana presha, tena hakuwa anajua. Sasa anakunywa dawa, na mke wangu anasema huenda safari nzima ya vipimo ilikuwa kwa ajili ya figo za mdogo wake. Mimi sisemi hivyo. Nasema tu nafurahi amejua mapema. Shemeji yule wa mkutano wa injili naye amechukua fomu ya vipimo. Bado iko mfukoni mwake, na hatumsukumi.

Mwaka jana siku ya sikukuu ya mavuno mke wangu alikata mkungu mzima wa ndizi kihambani kwetu, yaani alisimamia mimi nikikata, akautoa kanisani. Mavuno kwetu huishia uani na mnada: kuku, mayai, kahawa, mahindi, maziwa ndani ya kibuyu. Mkungu ulipoinuliwa aliomba kusema neno. "Mimi ndizi hizi siruhusiwi kula, kwa hiyo nunueni ninyi. Na fedha yake wazee wa kanisa wamekubali iende kwa wagonjwa wa mashine wasio na bima." Hakumtaja mzee wa dirishani, ila bibi yule wa Zaburi alijua, akawa wa kwanza kupandisha bei. Aliyeshinda akalipa, akaurudisha mkungu mezani uuzwe upya. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Ukazunguka mikononi hadi ndizi zikaanza kuchubuka, vijana wa kwaya wakachanga kwa pamoja, mwenye duka akabishana na mwenye baa, mnadishaji akapoteza sauti. Mwishowe aliondoka nao mama muuza mbege, ambaye alisema hata zikiwa zimepondeka kwake ni sawa tu. Fedha ile haikufika mbali. Kusafisha damu ni ghali, na ahadi za mnada si zote zinazolipwa. Ila ilimrudisha kitini mama mmoja aliyekuwa ameanza kuruka siku, mpaka ndugu zake wakajipanga. Yuko hai. Anakaa pale dirishani.

Juzi kwenye korido nilimkuta mume wa mgonjwa mpya, kijana wa Rombo, ameketi na karatasi ya lishe mkononi. Alikuwa ameambiwa kwamba sisi ni wa siku nyingi. "Mangi," akaniuliza, "samahani, hivi huwa mnaomba nini?" Nikamwambia Ijumaa tunaomba tuione Jumamosi, na Jumapili tunaomba tuione Jumatatu. Akanitazama kuona kama namtania. Kisha akakunjua ile karatasi, akauliza la pili, ambalo nadhani ndilo lililokuwa linamnyima usingizi: kama ndizi mshare nazo zinachemshwa mara mbili. Nikamwambia hizo ndizo hasa. Azikate vipande vidogo, maji ya kwanza ayamwage yote, na kwa kuwa chumvi haitakiwi amkamulie ndimu kidogo juu yake. Akatoa kalamu, akaandika pembeni mwa karatasi.